Ndoa Yetu Ina Ncha Mbili

Siku hizi ndoa haiandikwi kwenye karatasi. Inahifadhiwa katika mnyororo wa atomi za chuma, juu ya bamba la madini ya risasi lililopozwa mpaka umeme unapita bila kukwama. Kisanduku chetu kiko sebuleni, kinanguruma kama friji. Kila mwaka mume na mke hugusa kila mmoja ncha yake ya mnyororo na kutamka neno lao la siri. Mmoja akishindwa, ndoa inafutwa.

Mke wangu Mwantumu amelisahau neno. Amesahau mengi. Afisa wa ndoa, mwanamke kijana, alimsubiri mpaka chai ikapoa.

"Samahani, mzee, ncha moja haitoshi. Naukata mnyororo. Bibi hana tena mume, kwa hiyo kesho atahamia makao ya wazee."

Nilisimama mbele ya kisanduku.

"Binti, mimi nimesoma shule ya jioni na fizikia nilifaulu. Kilichomo humu hakiko kwangu wala kwake. Kimekaa kwenye ncha zote mbili kwa pamoja. Ukikata katikati, kila kipande kinaota ncha mpya, kinakuwa tena na ncha mbili. Utakata mpaka lini?"

"Sheria haijui fizikia, mzee."

"Basi ije darasani."

Alitoka akisema kesho atarudi na askari.

"Waambie wavue viatu mlangoni," nilimjibu, nikapiga komeo.

Mwantumu alinitazama kwa adabu, kama mwenyeji amtazamavyo mgeni.

"Na wewe, baba, unaondoka saa ngapi?"

"Siondoki," nikasema, nikammiminia chai nyingine.