Mguu wa Kombo

Sheria ilitaka kila mguu wa bandia upinde baada ya mwaka, ili mwenyewe arudi kuomba mwingine. Tausi, mke wa Kombo, alikuwa amechoka kumbeba mumewe hadi chooni kila mguu ulipopinda. Akamvua Kombo mguu wa bandia, akalilaza bomba lake la chuma juu ya fuawe: nyundo, zungusha kidogo, nyundo, zungusha. Bomba likazidi kuwa jembamba na gumu, lisiweze kupinda tena.

Mkaguzi alipoingia mtaani na kifaa cha kunasa mlio wa nyundo za wanaokaza miguu kinyume cha sheria, majirani wakakamata michi, wakatwanga vinu vitupu. Kifaa kikapagawa.

"Mtaa mzima mnatwanga nini?" mkaguzi akafoka mlangoni kwa Tausi.

"Kisamvu," Tausi akajibu, nyundo kaificha mgongoni. "Kaa usubiri, bwana mkubwa. Kombo atakuletea sahani mwenyewe, kwa miguu yake."