Nyundo ya Nyumbani

Afisa wa mahakama alisukuma pembeni bakuli la ndizi, akaweka nyundo juu ya meza ya chakula. Akamsogezea Ndeshi mpini. Sheria haikumung'unya maneno: uzembe wako ukivunja kiungo cha mtu, chako nacho huvunjwa, na anayevunja ni mtu wa nyumbani mwako, kwa kuwa faida mliila pamoja.

Mumewe, Elinami, mhandisi mkuu wa kampuni ya lifti, aliruhusu waya uliochakaa utumike. Lifti ikaanguka, ikamsaga fundi mguu.

Ndeshi akapiga magoti kumfunga mumewe mguu kwenye kiti. Elinami akamwinamia sikioni.

"Mama Ndewi, lifti zetu zote zina waya ule ule. Kesho kampuni itatangaza. Uza hisa leo, watoto wasije wakalala njaa."

Ndeshi akanyanyua nyundo, akapiga. Mfupa ukalia kama muwa mkavu. Elinami akapiga yowe, akazirai, damu ikichuruzika hadi chini ya kabati.

Afisa akiwa bado anafuta nyundo, Ndeshi alijibanza koridoni na simu, akauza hisa zote.

Simu ya afisa ikalia. Akasoma ujumbe wa soko la hisa, akaguna, akatoa wembe sandukuni.

"Pole, mama. Kuuza kwa siri ya kampuni ambayo umma haujaambiwa, adhabu yake ni sikio. Amekunong'oneza lipi?"

Mkono wa Ndeshi ukagusa la kushoto kabla hajauzuia.

Afisa akageukia jikoni, ambako binti yao alikuwa akichemsha maji ya kumsafisha baba jeraha.

"Ndewi, mwanangu," akaita kwa upole, "zima jiko, uje."