Kochi Chini ya Ngazi

Katika chuo kikuu chetu hakuna anayezijua sakafu kama mimi, hata maprofesa hawanifikii. Nazijua kwa kuzipiga deki, lakini, maana darasani niliishia la saba.

Siku hiyo niliingia ukumbini kukusanya vikombe vya chai, nikamkuta mchora ramani akiwaonyesha wakubwa chuo kipya alichokiunda kwa maboksi juu ya meza. Kilikuwa na miti ya vijiti na watu wadogo kama punje za mchele. Wote wamekaa, hakuna hata mmoja aliyeshika ndoo.

Nikainama kutafuta chumba chetu cha chini ya ngazi, tunamobadilishia nguo na kulia chakula. Palikuwa na kochi jekundu, dogo kama ukucha.

"Hapo watapumzika wahadhiri," akasema mchora ramani.

"Na sisi wa usafi, mwanangu, tutakula wapi? Chooni? Au huko nako umetuwekea kochi?" Hasira zilinipanda mpaka vikombe vikagongana kwenye sinia.

"Usijali, mama. Tumewashirikisha wadau wote. Juzi nilikaa saa nzima na msimamizi wenu wa usafi. Mzee mcheshi kweli! Amekubali kukitoa chumba kwa roho safi."

Mkuu wa chuo akaacha kuandika. "Mzee yupi?"

"Yule... mwenye mvi."

"Msimamizi wa usafi," mkuu akasema, "ni huyu mama aliyeshika sinia."