Mtalii wa Nyasho

Dafroza alikuwa ameshapanda nusu ya mlima, viatu vya kisigino mkononi, miwani ya jua usoni, na hajaona hata kitu kimoja cha kumpendeza.

"Hii nayo mnaiita njia?" alimwuliza Keraryo, mzee aliyekuwa akimwongoza. "Hata mbuzi wa Musoma hapiti hapa."

"Wageni wanalalamikaga hivyo hivyo, mama," Keraryo akajibu, akazidisha mwendo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anauza alichonacho. Mume wa Dafroza aliuza mitumba pale Nyasho, mjini Musoma, na tangu apate kibanda cha bati mkewe alikuwa haongei na majirani ila kwa kuwapa amri. Watu wa vilima vya Butiama nao, walipochoka kukopwa pamba yao, wakaona wauze mlima. Kule chini barabarani walisimamisha kibao: KARIBU MTALII, KIJIJI CHA ASILI. Dafroza alikisoma akacheka peke yake. Asili gani? Nyumba za udongo na mavi ya ng'ombe, nani asiyevijua?

Hata hivyo kibao kilimfaa. Mwanawe wa pekee, Clementi, alikuwa amekufa ameoza kwa binti wa mlima huo, Wankyo, aliyekuwa chuo cha ualimu. "Mkininyima huyo naenda kwenye machimbo ya dhahabu, na msinitafute," alikuwa amesema, na Clementi hakuwa mtu wa kutishia bure. Washenga wangepanda Jumamosi. Dafroza akaamua atangulie kimya kimya, aupeleleze ukoo. Aone uchawi, uvivu, kifafa, chochote cha kumrudishia kijana akili. Huku hakuna aliyemjua. Mtalii ni mtalii.

"Nipeleke kwa huyo Tereza," alisema walipofika juu. "Nasikia ana maziwa mazuri." Tereza ndiye mama yake Wankyo.

"Kila mgeni anakujaga na mji wake kichwani," alisema Keraryo.

Tereza alikuwa mjane mwembamba, mwenye maneno machache. Alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akampa kigoda, kisha akamwonyesha jiwe la kusagia ulezi. Kila mgeni, alieleza Keraryo, husaga kidogo.

"Kwetu kuna mashine," alisema Dafroza, akakunja mikono.

Mtoto wa jirani, makamasi yanamtiririka, akatambaa kumfuata. Dafroza akavuta kitenge chake upande kama aliyeona nyoka.

"Na hawa mabinti zenu," aliuliza, "kuna wanaoolewa mjini kweli?"

"Wapo," alijibu Tereza.

"Masikini! Binti wa huku akiletwa nyumbani kwangu, atalala na kuku mpaka ajifunze kukaa na watu."

Keraryo akakohoa. Tereza aliendelea kusaga, jiwe likienda na kurudi.

"Wewe mama una watoto wangapi?" akauliza.

Dafroza alishtuka. Akisema mmoja, wataulizia jina. Likitajwa jina, siri imekwisha.

"Sina."

Jiwe likasimama. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Mungu hakunijalia."

Tereza alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Keraryo. Akanyanyuka, akachukua kibuyu, akapiga funda la maziwa na kumtemea mgeni kifuani, puu, akimwombea uzazi kwa lugha ya kwao. Dafroza, aliyekwisha kuvuka hamsini, alijipangusa huku akiwatukana moyoni wote wawili. Washenzi wakubwa!

Lakini maziwa yale, alipopewa ya kunywa, yalikuwa matamu. Na ugali wa ulezi ulikuwa laini, na kuku alikuwa kuku. Mke wa jirani alipokuja mbio amebeba mwanawe anayewaka homa, Tereza aliacha chakula chake, akamkanda yule mtoto mpaka akalala. Ukutani palikuwa na kitambaa kilichotariziwa maua, kazi ya mikono ya Wankyo, na Dafroza, mtu anayejua kitambaa, alikosa pa kukikosoa. Ndipo ng'ombe wakaanza kurudi zizini. Waliingia wakisukumana, pembe kwa pembe, na hawakwisha upesi.

Hapo kiburi kikayeyuka. Tusimsingizie wema: ng'ombe walichangia sana. Lakini alimwona pia Clementi wake amekaa kwenye ua ule uliofagiwa, amevimbiwa, anacheka, wala hana habari na mashimo ya dhahabu. Dafroza alifurahi kweli. Akashindwa kungoja Jumamosi.

"Jamani, nicheke au nilie?" alisema, akavua miwani. "Mimi si mtalii! Mimi ni mama yake Clementi, yule anayemtaka Wankyo wenu. Washenga wanakuja Jumamosi, na mimi nimekubali kwa moyo wangu wote!"

Alicheka peke yake. Keraryo alikuwa akichora chini kwa fimbo.

"Mama," alisema, "tangu tuweke kile kibao, mtalii hajapanda hapa hata mmoja. Wanaopandaga ni mama wakwe."

"Basi kumbe mlijua! Heri hivyo," alisema Dafroza, akamnyooshea Tereza mkono. "Mwanangu amepata nyumba."

Tereza hakuupokea mkono.

"Mwana yupi, mama? Nimekuuliza mara mbili, mzee Keraryo anasikia, umesema huna hata mmoja. Sasa Wankyo wangu nimwoze kwa nani?"