Uzi Mwekundu

Taa zote za kisanduku cha mtandao zilipepesa kwa pamoja, kama macho ya mtu aliyepaliwa. Data ileile ilizunguka ndani bila pa kutokea, na kompyuta zote za hospitali ziliganda.

"Fundi, chumba cha upasuaji hawaoni picha za mgonjwa!" meneja alifoka mlangoni. "Ni yule mama wa usafi, amechezea nyaya. Nimeshamwambia akusanye vyake. Za mwizi arobaini!"

Fundi alipapasa hadi akaupata waya wa bluu. Ncha moja ilikuwa ndani ya kisanduku, na ya pili ndani ya kisanduku kilekile. Akaichomoa.

Taa zikatulia, moja baada ya nyingine.

Ncha ile ilikuwa na uzi mwekundu, mafundo mawili, mkia umekatwa kwa meno. Jengo zima, ni yeye fundi peke yake aliyefunga nyaya hivyo. Asubuhi aliiona ikining'inia, akachukizwa na uovyo ule, akaichomeka kisandukuni.

Mama wa usafi akapita na mfuko wake.

"Pole na kazi, mwanangu."

Vidole vya fundi, vilivyoufumbata ule uzi, vikaanza kufunguka mbele ya meneja.