Jina la Zamani Liitike

Mwacha asili ni mtumwa, husema wahenga. Wahenga hao hawakuolewa mjini Pune. Huko mshika asili ndiye mtumwa, na Revati alilipwa mshahara kwa utumwa huo.

Kazi yake ilikuwa kutunza majina yaliyopitwa na wakati. Kampuni yao ilitengeneza kadi za mtandao zisizoshikika, hazina chuma wala waya, ni programu tupu ndani ya kompyuta kubwa. Lakini mashine zinazoishi humo huziona kuwa kadi za kweli na kuzituma kwa amri. Fungua njia. Funga njia. Badili anwani. Kila toleo jipya lilikuja na majina mapya ya amri, na kila mara Revati alishikilia neno lile lile: jipya liongezwe, la zamani liitike. Mashine iliyozoea jina la kale isiachwe ikipiga hodi kwenye nyumba yenye watu.

Shrirang, mkuu wa kitengo, alimwona msumbufu.

"Kazi moja, jina moja," alisema kikaoni, akikoroga chai. "Hapa si makumbusho."

"Sikiliza," Revati akajibu. "Anayeita hana kosa. Hilo ndilo jina alilofundishwa."

Watu wakacheka chinichini. Ofisi nzima iliitana kwa majina, na mkuu naye aliitwa Shrirang tu, kama rafiki wa mtaani. Revati peke yake hakuwahi kulitamka jina hilo.

"Hata humu ofisini, dada?" Tanmay wa meza ya jirani alimchokoza. "Unamwita 'sikiliza' kama anauza vitunguu."

"Na muuza vitunguu ana masikio," alisema Revati, na Tanmay akarudi kwenye kazi yake.

Uchungu wa jina la zamani aliujua. Alizaliwa Mukta. Siku ya harusi, kama ilivyo desturi ya kwao, bwana harusi alishika pete akaandika jina jipya juu ya sinia la mchele: Revati. Wageni wakashangilia. Mchele ukachotwa, Mukta akaenda nao. Tangu hapo aliyebaki kumwita hivyo alikuwa mama yake tu, mjane wa mji wa Wai, ambaye akili ilipoanza kumtoka ilimwachia vitu viwili: jina hilo na namba ya simu ya binti yake. Alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga tena akiwa amesahau kwamba amekwisha kupiga. Kila mara alimuulizia Mukta.

Mama alikufa mvua zilipoanza. Alianguka jikoni jioni, akajiburura hadi kwenye simu. Majirani walimkuta asubuhi, bado ameishika. Alikuwa amempigia binti yake, na kuna mtu aliyepokea.

Revati alirudi kazini baada ya matanga, macho makavu. Akakuta mambo yamegeuka. Ushirika mmoja wa wafugaji ulikuwa unakuja kuzijaribu kadi za kampuni, na mashine za ushirika huo za kupokelea maziwa zilikuwa kongwe, hazijui ila majina ya kale. Mkataba ule ukikosekana, kitengo kingefungwa.

"Haya, umeshinda," Shrirang alimwambia mbele ya wote. "Majina yako ya kale yote yabaki, yote yaitike. Hiyo kazi nakuachia wewe. Hakuna mwingine ninayemwamini."

Revati akaitikia kwa kichwa. Akaifanya peke yake, hakutaka msaada wa mtu.

Siku ya majaribio, wazee wa ushirika walikaa safu ya mbele na kofia zao nyeupe, sahani za poha, ule mchele wa kupondwa, magotini. Shrirang aliwahutubia vizuri. Aliwaambia kwamba kampuni hii haimtupi mteja wa zamani, kwamba hapa kila anayebisha hodi hufunguliwa. Kisha akaiunganisha mashine yao kuukuu, nayo ikaita kwa amri yake ya ujana: fungua njia. Wote wakatazama ukutani, ambapo jibu la kadi lingemulikwa.

Hakuna mtu wa jina hilo hapa. Usipige tena.

Mashine ikaita tena, kama ilivyozoeshwa. Kadi ikajibu vilevile.

Mzee mmoja akaweka chini sahani yake. "Basi tutakwenda tunakojulikana," alisema, na wenzake wakamfuata mlangoni.

Shrirang alimgeukia Tanmay, maana mizaha ya ofisi ile yote ilikuwa na baba mmoja. Alimuuliza kama anajua kazi ngapi zimetoka mlangoni pamoja na wale wazee.

"Mwache Tanmay," alisema Revati. "Nimeandika mimi."

Shrirang akasema hakutegemea hayo: wewe wa kwanza kutetea majina ya kale, wewe uliyetusumbua miaka yote hii. Watu hawa wana watoto. Akamtaka aombe radhi, pale pale, mbele ya wote aliowamwagia unga wao.

Revati aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa upande wake, na hakuwalaumu.

"Kuandika nimeandika mimi, ila maneno si yangu," alisema. "Ni yale uliyomjibu mama jioni ile, kwenye simu ya sebuleni kwetu, mimi niko jikoni nakupikia, nikidhani ni mtu kakosea namba."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya sinia la mchele, akalitamka jina la mumewe, ambalo kwa desturi ya kwao mke halitamki.

"Shrirang, siombi radhi."