Ncha ya Kisu

Sikudhani, mwokaji wa mikate, alikuwa akiosha kisu cha kukatia madonge ya unga alipoona ncha yake imevunjika. Mikate iliyotolewa sadaka na bekari yao ilikuwa imeshaondoka. Alikimbia na aproni yake hadi ghala la msaada, akakuta watu wameshagawiwa, mikate ingali moto.

“Jamani, naomba mnirudishie,” alisema akihema. “Mmojawapo una kipande cha chuma. Kesho nitaleta mingine.”

Hakuna aliyenyoosha mkono.

“Dada, njaa ni ya leo,” alijibu mama mmoja aliyempakata mwanawe. “Tutatafuna taratibu.”

Akamega tonge, akalitafuna yeye kwanza, kisha akalitoa kinywani akamlisha mtoto. Wengine nao wakaanza, kimyakimya. Sikudhani alisimama mlangoni, akisikiliza meno ya watu.